Vikorokoro vya Jirani na Karatasi ya Bwana Afya

  

Leo tumzungumzie jirani. Namkusudia yule ambaye ua wake umejaa vikorokoro mpaka juu ya ukuta: mabati yaliyoliwa na kutu, majokofu mabovu, matairi, mapipa, mbao za nyumba iliyobomolewa zamani, baiskeli isiyo na magurudumu. Asubuhi moja unapita kwake, unamkuta amesimama mlangoni na karatasi mkononi. Karatasi imetoka kwa bwana afya, yaani afisa wa afya ya umma. Inamtaka asafishe ua wake kabla ya tarehe fulani, na asiposafisha atashtakiwa.

Je, wewe jirani utafanya nini?

Wako watakaosema, "Afadhali, tulikuwa tumechoka." Wako watakaosema, "Masikini, mzee wa watu," kisha washike njia zao. Na wako wanaotaka kusaidia kwa moyo safi, ila hawajui waanzie wapi. Mimi leo nazungumza zaidi na hawa. Nina neno moja kwao, na nitalirudia mpaka mlizoee: fika mapema, kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi, na uanze na mwenye mali kabla hujaigusa mali yake.

Nitawapa mfano wa jirani yetu mmoja hapa Mombasa. Jina lake silitaji. Ni mtu mzima mwenye heshima zake. Miaka mingi alikuwa fundi wa majokofu. Nyumba nyingi za mtaani kwetu zilikunywa maji baridi kwa mkono wake. Mkewe amefariki. Watoto wake mmoja yuko Nairobi, mwingine yuko Doha. Ni watoto wema, pesa za matumizi humtumia kwa simu bila kukosa. Lakini pesa za simu haziinui jokofu, na wahenga walishasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Macho yalipopungua nguvu, kazi ikapungua, na vitu vikabaki uani. Mwaka ukaingia, mwaka ukatoka. Mtu akivunja nyumba, mbao zinaletwa kwake. Mtu akibadilisha tairi, bovu linaachwa kwake. Kila mtu alijua pale kwa mzee hapakatai kitu.

Hapo nataka tusimame kidogo. Vile vikorokoro havikuwa vya mzee peke yake. Nusu ya mtaa ilichangia ule mrundo, na siku karatasi ilipokuja, ikaja kwa jina la mtu mmoja.

Tuje kwa aliyeshtaki. Maana karatasi ya namna hii mara nyingi huanza na mtu aliyelalamika. Upande wa pili wa ukuta wa mzee anakaa mama mwenye watoto wadogo. Mvua za masika zilipopiga, watoto wawili wa mama huyu wakashikwa na homa kali, viungo vikawauma hata kusimama ni taabu. Wakazi wa pwani wanaijua homa hiyo. Mombasa tumepata dengue mwaka 2013, tukapata chikungunya mwishoni mwa mwaka 2017 na kuingia mwaka 2018, na maradhi yote mawili yanaenezwa na mbu mmoja, yule mwenye madoadoa meupe miguuni anayeuma mchana. Chandarua cha usiku hakimtoshi. Hapendi mitaro michafu. Yeye anataka maji yaliyotuama ndani ya kitu: tairi, kopo, pipa, kifuniko cha chupa. Wala haruki mbali. Mbu anayemuuma mtoto wako ana uwezekano mkubwa wa kuwa amezaliwa uani kwako au uani kwa jirani.

Kwa hiyo mama yule alikuwa na haki. Alikuwa amemwambia mzee kwa upole, akamtuma mzee wa mtaa, na mambo yakabaki vile vile. Nalisema hili kwa sababu wengi wetu tukitaka kumsaidia aliyepewa karatasi, tunaanza kwa kumlaani aliyeshtaki. "Nani huyu mchochezi? Nani huyu mwenye fitina?" Jamani, huko si kusaidia. Ukimfanya mlalamishi adui, umemfungia mzee mlango wa suluhu, na suluhu ndiyo anayoihitaji kuliko kitu chochote.

Sasa tuisome karatasi. Tuisome pamoja naye, kwa sauti, kama tunavyosomeana barua. Mtu mzima aliyeogopa hasomi. Anaona muhuri tu na neno mahakama. Mzee wetu alidhani anafukuzwa nyumbani kwake. Hakuna neno hata moja lililosema hivyo.

Sheria yenyewe ni ya zamani. Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, Sura ya 242, ilianza kutumika mwaka 1921. Kifungu chake cha 118 kinataja mambo yanayohesabiwa kuwa kero kwa afya ya watu. Ndani yake kuna taka zinazodhuru, na kuna mrundo wa mawe, mbao au vitu vingine ambao afisa wa afya akiutazama ataona waweza kuwa makao ya panya. Tena sheria hiyo hiyo inamtaka mwenye nyumba asiache chupa, makopo na vyombo vinavyoweza kushika maji mbu wakazaliana. Unaona? Sheria haikutaja ubaya wa sura ya ua. Haikusema mzee asiwe na mabati. Imetaja maji, imetaja panya, imetaja madhara. Hayo ndiyo yanayotafutwa na bwana afya akiingia kwako na daftari lake, na hayo ndiyo ya kuondoa kwanza.

Kisha kifungu cha 119 kinasema afisa akiiona kero, anampa mhusika notisi ya kuiondoa, na notisi ina muda. Muda ukipita bila kitu kufanyika, ndipo mahakama inaingia. Na mahakama, zaidi ya faini, inaweza kuamuru kero iondolewe na wenye mamlaka, kisha gharama adaiwe mwenye mahali. Hapo ndipo penye mzigo. Lori, vibarua, siku nzima ya kazi, na bili inakwenda kwa mtu anayeishi kwa pesa za simu. Ndiyo maana nasema, fika mapema. Kabla ya tarehe ile, jambo lote hili ni kazi ya mikono ya vijana na mikokoteni miwili mitatu. Baada ya tarehe ile linakuwa kesi.

Hatua ya kwanza baada ya kusoma ni gani? Wengi watasema kufagia. Mimi nasema ni kwenda kumwona bwana afya. Nenda na mzee mwenyewe ikiwa anaweza kutembea. Hawezi, akuandikie barua fupi uende nayo, aitie sahihi au dole gumba. Msiende kubishana. Mwulizeni afisa: ni nini hasa ulichokiona, na ni kipi unachotaka kiondoke kwanza? Mwombeni aje awaonyeshe papo hapo. Mkiona muda hautoshi, mwombeni muda zaidi kwa maandishi, mseme mtafanya nini wiki hii na nini wiki ijayo, mbaki na nakala iliyopigwa muhuri. Maafisa hawa wana mitaa mingi na watu wachache, na mtu anayekuja ofisini kwa hiari yake anapokelewa tofauti na mtu anayefuatwa. Kwa mzee wetu, afisa alikuja. Alizunguka ua wote. Alichokionyesha kwa kidole ni matairi, mapipa, na mbao zilizolala chini kabisa ukutani. Majokofu alisema yafunguliwe milango yatazamwe. Ua uliotutisha sisi kwa miaka, yeye aliugawa kwa dakika chache.

Basi tukafika kwenye siku ya kazi. Na hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wema wengi wanapoharibu.

Kulikuwa na shauri, tena lilitoka kwa watu wazuri, kwamba mzee apelekwe kwa ndugu yake Malindi siku mbili, na akirudi akute ua unang'aa. Alipolisikia alikataa kabisa, sauti ikamtetemeka. Sisi tukadhani ni ukaidi wa uzee. Kisha kijana mmoja akafungua mlango wa jokofu la kwanza. Ndani ya mlango, kwenye ule upande mweupe, paliandikwa kwa kalamu ya wino mzito: jina la mtu, kifaa kinachohitajika, na pesa alizotanguliza. Jokofu la pili vivyo hivyo. La tatu vivyo hivyo. Yalikuwa majokofu ya wateja. Watu waliyaleta kutengenezwa, wakaona gharama, wakahama mtaa, wengine wakafa, na mzee akabaki nayo. Kila alipoambiwa atupe, yeye moyoni aliona anaambiwa atupe amana za watu.

Ingekuwaje kama tungempeleka Malindi? Tungemtia hatiani mbele ya watu wasiokuwa na habari, na yeye ndiye angeulizwa.

Kwa hivyo tukabadilisha utaratibu. Mzee aliwekewa kiti kivulini, na kila kitu kilipita mbele yake. Yeye ndiye aliyesema hiki kibaki, hiki kiuzwe, hiki kitupwe, hiki kina mwenyewe. Kazi ilikwenda polepole, sikatai. Vijana walichoka, jua lilikuwa kali. Lakini mara mzee akaanza kuwafundisha: hii kompresa sikilizeni, ukiitikisa haigongi, ni nzima, hili bomba lake ni la shaba, msilikate hivyo. Wakati wa adhuhuri alikuwa yeye ndiye anayetuma watu. Majina ya kwenye milango yakaandikwa daftarini mbele ya mzee wa mtaa, namba zikapigwa. Wapo waliokuja kuchukua vyao, wapo waliosema viuzwe. Wasiopatikana, vitu vyao viliandikwa, vikapigwa picha, vikawekwa mahali pakavu.

Narudia, wasikilizaji: mwanzo mwenye mali, halafu mali. Kitu unachokiona wewe ni takataka, yeye huenda anakijua mwenyewe ni nani.

Sasa mambo matatu ya kazi yenyewe, haraka haraka. Maji yakimwagwa peke yake hayatoshi. Yule mbu hugandisha mayai yake kwenye ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai yale hustahimili ukavu miezi kadhaa yakingoja mvua. Pipa au ndoo inayobaki isuguliwe kwa burashi, kisha igeuzwe chini juu au ifunikwe. Tairi lisilo na kazi liondoke. Linalobaki liwekwe chini ya paa. Jokofu lolote bovu ling'olewe mlango siku hiyo hiyo. Watoto hujificha ndani wakicheza, na yale ya zamani yenye kitasa cha kujifunga hayafunguki kwa ndani. Hili nawaombeni msilipe nafasi ya kungoja kesho.

Na betri za magari? Hizo msiwaachie watoto wazibebe, wala msizivunje kutafuta madini ndani yake. Mombasa hatuhitaji mhadhara juu ya madini ya risasi yaliyo ndani ya betri. Tunakumbuka Owino Uhuru, pale Mikindani, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia sumu kwenye damu za watoto, mpaka mama mmoja, Phyllis Omido, ambaye mwanawe mwenyewe aliugua, akasimama na wenzake wakaenda mahakamani. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kile kilikuwa kiwanda, najua, na ua wa mzee ni ua tu. Lakini madini ni yale yale.

Tuje kwenye kuuza, maana hapa kuna shimo ambalo msaidizi anaweza kumtumbukiza mzee bila kujua. Vyuma chakavu vina thamani, na siku kazi inapoanza tu utawaona wanunuzi wamefika na mizani. Kenya ina Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, na anayefanya biashara hiyo anatakiwa awe na leseni. Mnakumbuka Januari 2022 biashara nzima ilisimamishwa na Rais wa wakati huo, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, ikafunguliwa tena baada ya miezi kadhaa. Tangu hapo shaba na vyuma vya umeme vinatazamwa kwa macho makali. Kwa hiyo mwuzie mwenye leseni, achukue jina la mzee na mzee achukue risiti. Na kama katikati ya mrundo mmekuta kitu kinachofanana na mali ya umma, kipande cha reli, nyaya nene za umeme, kifuniko cha shimo la barabarani, msikipakie mkokotenini. Mwiteni mzee wa mtaa au chifu akione kilipo. Mlikuja kumwondolea mzee kesi moja, msimwachie ya pili.

Na pesa zikipatikana ni za nani? Ni za mzee, mpaka shilingi ya mwisho. Mkokoteni ulipwe humo kama yeye mwenyewe amekubali. Nalisema wazi kwa kuwa nimeona misaada iliyogeuka kuwa minada.

Sasa tuseme mmechelewa. Tarehe imepita na samansi imekuja. Je, mambo yamekwisha? Hayajakwisha. La kwanza, mzee aende mahakamani siku aliyoitwa. Akiwa hana nauli, mchangieni nauli; akiwa haoni vizuri, mmoja amshike mkono. Mtu asiyefika anaweza kutolewa hati ya kukamatwa, na hapo jambo la matairi linageuka kuwa jambo la pingu. La pili, Katiba yetu, Ibara ya 49, inasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi sita. Makosa ya kero ya namna hii kwa kawaida yako kwenye ngazi hiyo ya chini. Mwambieni mzee hivyo usiku wa kuamkia mahakamani, apate kulala.

La tatu, mkusanyieni ushahidi wa kazi iliyofanyika. Picha za ua kabla na baada, simu zetu zinaweka tarehe zenyewe. Risiti za vyuma. Nakala ya ile barua ya kuomba muda. Barua ya mzee wa mtaa. Hakimu anayeona kwamba kero imeondolewa, au inaondolewa, ana nafasi ya kuwa mpole ambayo hana akiona ua uko vile vile. Na ikiwa yule mama jirani yuko tayari kusema mbele ya hakimu, "Nimeona wamesafisha, nimeridhika," hakuna wakili anayeshinda kauli hiyo. Kwetu mama alisema hivyo kwa bwana afya, na hatukufika mahakamani. Lakini alisema kwa sababu siku ya kwanza kabisa watu walikwenda kwake kumpa pole ya watoto wake kabla ya kumwomba lolote.

Jirani hawezi kusimama mahakamani kama wakili. Anaweza kukaa benchi ya nyuma, anaweza kuwa shahidi, anaweza kuwa mdhamini. Kwa shauri la sheria, hapa Mombasa Kituo Cha Sheria wana ofisi na wamezoea kuwasaidia wasio na uwezo, na serikali nayo ina huduma ya msaada wa kisheria iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Nendeni na karatasi yenyewe, si masimulizi ya karatasi. Na faini ikiwa kubwa kuliko uwezo wake, mzee asinyamaze. Aombe kulipa kidogo kidogo. Kuna pia Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998, inayomruhusu hakimu kumpa mtu kazi ya manufaa ya umma badala ya kumfunga, ingawa kwa mzee wa umri ule ni vizuri hakimu aelezwe hali ya afya yake.

Wasikilizaji, kuna jambo jingine zito kidogo, naomba mnisikilize kwa makini. Mzee wetu alikuwa na sababu. Majina yalikuwa kwenye milango. Lakini wako watu ambao hawana sababu unayoweza kuiona. Nyumba imejaa magazeti, mifuko, nguo zilizochanika, mpaka hakuna pa kulala, na ukimwondolea mfuko mmoja anaumia kana kwamba umemkata kidole. Huo ni ugonjwa. Madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani waliutambua kuwa ugonjwa unaojitegemea mwaka 2013, na Shirika la Afya Duniani likauingiza kwenye orodha yake mpya iliyoanza kutumika mwaka 2022. Mtu huyo ukimsafishia kwa nguvu bila tiba, mara nyingi nyumba hujaa tena, na yeye hukufungia mlango.

Chukueni mfano wa New York, mtaa wa Harlem, walikoishi ndugu wawili, Homer na Langley Collyer. Homer alipofuka, kisha akapooza. Langley akawa ndiye macho yake na miguu yake. Alikusanya magazeti maelfu kwa maelfu, akisema ndugu yake atakapoona tena, ayasome yaliyompita. Majirani waliwajua miaka mingi. Watu walichungulia, watoto walirusha mawe madirishani. Machi 1947 Homer alikutwa amekufa ndani ya nyumba ile. Langley hakuonekana. Polisi walimtafuta mpaka nje ya jimbo, huku wafanyakazi wakitoa vitu kutoka ndani, zaidi ya tani 100, na piano 14 zikiwamo. Aprili wakamkuta. Alikuwa kama mita tatu tu kutoka pale alipofia ndugu yake, amefunikwa na mrundo uliomwangukia alipokuwa akimpelekea chakula.

Kila nikikumbuka habari hiyo nawafikiria majirani wa pale. Hivi katika watu wote wale waliochungulia, hakuna aliyekuwa na uhusiano nao wa kutosha hata kubisha hodi na kungoja mlango ufunguliwe? Kwa hiyo ukiona kwa jirani yako hakuna sababu ya vitu, ila kuna hofu tu, mwambie bwana afya hivyo, na umtafutie jirani huyo daktari. Ulizia hospitali yenye kitengo cha afya ya akili. Waambie na watoto wake walioko mbali. Wao wanazungumza naye kwa simu, na kwa simu hawauoni ua.

Muda wangu unakimbia, nimalizie na lililo mbele yetu. Ua uliosafishwa ni rahisi kujaa tena, kwa sababu wale waliokuwa wakileta vitu vyao bado wapo. Kwetu mzee ameandika kibao mlangoni kwamba hapokei tena kitu bila mwenyewe kuacha namba ya simu na tarehe ya kukichukua. Kijana mmoja wa mtaa hupita kwake kila mwanzo wa mwezi kutazama vyombo vyenye maji, na mzee anamfundisha kazi ya majokofu kwenye yale aliyobakiza. Mvua za vuli haziko mbali. Kama mtaani kwako kuna mtu aliyepokea karatasi juma hili, tazama tarehe iliyoko chini yake, halafu kesho baada ya sala ya alfajiri au baada ya chai, mpigie hodi.

Juma lijalo, panapo majaliwa, tutazungumza juu ya wapangaji na amana ya kodi wanayonyimwa wakihama. Wenye maswali juu ya mazungumzo ya leo, tuandikieni.